Kakao ya Bibi na Ushuhuda Wangu

Watu wa Njombe wakisikia kwamba hata Bariadi kuna baridi watacheka. Wacheke tu. Mwezi wa saba pamba imeshang'olewa, mashamba yamebaki wazi, na upepo wa kipupwe hauna cha kuuzuia mpaka unafika mlangoni kwetu. Jioni ikiingia, bibi yangu huanza kuyasema magoti yake kama mtu anavyosema watoto watukutu. La kulia ndilo lenye kelele. La kushoto, anasema, ni la kimya lakini lina roho mbaya.

"Kama wewe," huniambia. "Kimyakimya, na hatujui unawaza nini."

Ni utani. Kwetu Wasukuma bibi na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana, na yeye huniita mke mwenzake, kwa sababu kwa utani huo mimi ni mke mdogo wa babu. Babu tulimwita Guku, kwa Kisukuma. Alishafariki. Kwa hiyo sisi ni wajane wawili, mmoja hana meno na mwingine yuko kidato cha tatu.

Bibi ni mama yake baba. Msimu wa pamba baba yuko Maswa, kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na nyumbani tunabaki watatu: Bibi, mama na mimi. Jambo la kwanza ambalo mtu yeyote atakuambia kunihusu ni kwamba siongei. Darasani mwalimu akinitaja nasimama, jibu ninalo, lakini sauti inakataa kutoka, wenzangu wanaanza kuguna, nakaa. Kanisani, kwaya ya vijana ilinijaribu wiki chache ikanirudisha kwenye benchi. Nimeshazoea. Ninayaandika ninayotaka kuyasema, basi.

Kwa Bibi peke yake ndiko nilikokuwa naongea. Ndiyo maana haya yaliniuma namna yalivyoniuma.

Kakao ilitoka kwa mjomba, kaka yake mama, anayefanya kazi Kyela ambako wanailima. Alituletea mfuko wa unga mweusi, wenye mafuta, unaonuka kama udongo wa mvua ya kwanza na kitu kilichoungua kidogo. Mara ya kwanza niliupika kama chai, ukaganda juu kama matope ya bwawani. Bibi akatazama ndani ya kikombe akasema, "Mjomba wako ametutumia lambo." Nikajifunza mwenyewe. Kwanza unaukoroga unga na maji ya moto kidogo mpaka uwe mzito kama ugali wa mtoto. Halafu unamimina maziwa yaliyochemka, kidogo kidogo, huku unazungusha upekecho kati ya viganja, na povu linapanda. Tangawizi iliyopondwa, mdalasini, sukari, na chembe ya chumvi, ambayo usipoiweka utajua kuna kitu kinakosekana na hutajua ni nini. Nilikuwa naipika kwenye jiko la mkaa nje ya chumba cha Bibi, namimina kwenye kikombe chake cha bati, nampelekea kwa mikono miwili na kupiga goti.

Anapokea. Ananusa. Kisha anasema, "Asante, mke mwenzangu. Sasa toka, nichue magoti."

Chini ya kitanda chake palikuwa na chupa ya dawa ya kuchua. Kila mtu anaijua dawa ya namna ile: mizizi na magome yaliyolowekwa kwenye gongo, unajipaka penye maumivu, panapata joto. Nyumba nyingi zinayo, hata za wazee wa kanisa. Mimi natoka, yeye anajichua, chumba kinanuka gongo, nami narudi baadaye kumkuta ameshamaliza kikombe na amekiosha mwenyewe kwa maji ya mtungini. Nilifikiri ananionea huruma nisioshe vyombo kwenye baridi.

Sasa niseme habari ya gongo. Bibi alikuwa ametengwa kanisani. Kanisa letu halitaki pombe kabisa, hata ya harusi, na msimu wa mavuno uliopita wazee wa kanisa walimkuta kilabuni, mchana, anaimbisha wimbo wa kwaya na walevi wote wanaitikia kwa sauti nne. Mama aliposimuliwa alijifunika uso kwa khanga, na mimi nikajua anacheka. Lakini halikuwa la kucheka. Aliyetengwa anakaa benchi la mwisho. Hapokei Meza ya Bwana. Na kubwa kuliko yote, akifa akiwa bado ametengwa, mchungaji haji kaburini, na kwaya haiimbi. Unazikwa na ndugu zako, kimya, kama mtu asiye na kwao.

Hilo ndilo lililomtesa Bibi. Guku alizikwa na kwaya mbili. "Mimi nitafukiwa kama mbegu ya choroko," alikuwa akisema jioni, amekumbatia kikombe. "Watu wataulizana, kuna nini pale? Wataambiwa, hakuna kitu, ni yule bibi."

Kurudishwa kundini kuna utaratibu wake. Aliyetengwa anatubu. Halafu mtu wa nyumbani kwake, anayelala na kuamka naye, anasimama mbele ya kanisa na kushuhudia kwamba kweli ameacha. Na siku ya Meza ya Bwana, kabla hajaitwa mbele, mchungaji anauliza, "Shahidi wake yuko wapi?" na yule shahidi anasimama tena mahali alipo. Hasemi kitu. Anasimama tu, na kusimama huko ndiko kunakomfungulia mwenzake njia. Asiposimama, mambo yameisha.

Kwa kuwa baba yuko Maswa, nilijua mama ndiye atakayeshuhudia. Siku mzee mmoja wa kanisa, mrefu, mwenye baiskeli, alipokuja kuuliza, mama alimkaribisha kiti, akamsalimia "Mwadila" kwa Kisukuma, kwa heshima zote, kisha akasema, "Mimi ni mkwe, mzee. Mkwe akimsifu mama mkwe, watu husema anaogopa. Mchukueni mtoto. Yeye ndiye anampikia hiyo kakao kila jioni."

"Huyu?" mzee akasema, ananitazama. "Huyu akitusalimia hata 'shikamoo' yake tunaisomea mdomoni."

"Basi ndiyo vizuri," Bibi akadakia kutoka ndani. "Mtu asiyeongea hana nafasi ya kusema uongo!"

Wakacheka wote. Mimi nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nilitaka kukataa, lakini Bibi akaniita ndani akanishika mkono, akasema kwa Kisukuma, polepole, "Ng'wana wane, mwanangu, ni neno lako tu linalonitenga na kaburi la kimya." Mtu akikuambia hivyo, utafanya nini?

Nilifanya mazoezi. Niliwasemea mbuzi. Niliisemea sufuria. Jumapili ilipofika nilivaa sketi ya shule kwa sababu ndiyo pekee iliyo na pasi nzuri, na nilipoitwa mbele nikaenda. Nilisema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mbu lakini ilitoka. Nilisema bibi yangu hanywi. Nilisema jioni, wakati ule ambao zamani alikuwa anakwenda kilabuni, sasa anakunywa kakao, na kakao hiyo naipika mimi kwa mikono yangu, najua kilichomo.

Yule mzee mrefu akauliza, "Na ile chupa tunayoisikia harufu?"

"Ni ya kuchua magoti," nikasema. "Naiona mwenyewe."

Kanisa likapiga makofi. Nje, wasichana wa kwaya walinizunguka. "Bubu kaongea!" mmoja akasema. "Jamani, tuandikeni tarehe!" Lakini akanishika bega, na mama mmoja ambaye hajawahi kunijua jina akaniambia, "Neno la mtoto huyu ni neno." Nilirudi nyumbani natembea katikati ya barabara. Sijawahi kutembea katikati ya barabara.

Meza ya Bwana ilikuwa inafuata baada ya wiki chache. Katikati hapo ndipo nilipoona.

Jua lilikuwa linazama, upepo umeanza. Nilikuwa nimempelekea Bibi kikombe chake, nimeambiwa nitoke, nimetoka. Nikakumbuka kuku wenye vifaranga hawajafungiwa, nikazunguka nyuma ya nyumba. Chumba cha Bibi kina mlango mdogo wa uani, na Bibi alikuwa amesimama pale, kikombe mkononi, amenipa mgongo. Akakiinamisha. Akamwaga matone chini, penye nguzo ya mlango, taratibu kama mtu anayemmiminia mgeni. Akasema, "Guku, pokea. Baridi imezidi. Na wewe upate joto."

Nilisimama na kifaranga mkononi.

Kumwagia wafu ni mambo ya zamani, kanisa linayakataza, lakini si hilo lililonishtua. Wazee wengi hufanya, wanajificha. Kilichonishtua ni kwamba niliyajua mambo ya Guku na pale penye nguzo. Nilipokuwa mdogo, muda si mrefu baada ya mazishi, nilimwona Bibi akimwaga pombe ya mtama pale, nami kesho yake nikaenda kumwaga uji wangu, ili Guku naye apate kifungua kinywa. Bibi alinifokea. Akaniambia Guku hakuwa mtu wa uji. Wala wa chai, wala wa maziwa. Ukimpelekea vitu hivyo unamtukana, atasema mmemgeuza mgonjwa. Pale huwekwa pombe, basi. Miaka yote hiyo sijaona kitu kingine kikimwagwa pale, hata siku za njaa.

Na sasa alikuwa anamwagiwa kakao yangu.

Nilikiachia kifaranga, nikaingia. Sikubisha hodi. Chupa ya magoti ilikuwa juu ya kitanda, haina kizibo, na magoti ya Bibi yalikuwa makavu, yana vumbi jeupe la mchana kutwa.

"Bibi," nikasema, "nionjeshe."

Akakivuta kikombe kifuani. "Ni cha moto."

"Nimekipika mimi. Najua moto wake."

"Kuna mate ya mzee humu."

"Basi ninuse tu."

 Halafu akanipa, kwa mkono mmoja, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Tangawizi ilikuja kwanza, halafu mdalasini, halafu ile nyingine ikanipanda puani mpaka machozi yakanitoka. Haikuwa tone la bahati mbaya. Gongo ilikuwa nusu ya kikombe, na kakao ilikuwa nguo tu.

"Magoti," Bibi akasema, "yanachuliwa kwa nje na kwa ndani."

Siku nyingine ningecheka. Alikuwa ananitazama aone kama nitacheka.

"Nimesimama mbele ya kanisa," nikasema.

"Na ulisimama vizuri. Nililia."

"Nimesema najua kilichomo."

"Ulijua ulichokiweka wewe. Nilichokiweka mimi hukukijua. Sasa uongo wako uko wapi? Hauko. Nimeubeba wote mimi, ng'wana wane, wewe hujachafuka hata ukucha."

Alisema kwa upole kabisa, kama zawadi. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuanza jana. Alipokuwa ananiambia nitoke ili achue magoti, alipokuwa anaosha kikombe kwenye baridi ile, alikuwa ananitunza nisijue, kama unavyotunza mbegu isiingiwe na maji. Alinihitaji nikiwa sijui. Mimi na yeye tulikuwa tunaongea kila jioni, nimemwambia mambo ambayo sijayaandika hata kwenye karatasi, na yote hayo alikuwa ananisikiliza kutoka upande wa pili wa mlango.

"Si ungeacha?" nikamwuliza. "Kweli kweli."

"Nimejaribu." Akakaa kitandani. "Mchana naweza. Jioni, upepo ukianza, kitanda hiki ni kipana. Wewe hujui upana wa kitanda. Kilabuni siendi tena, hiyo ni kweli. Nakunywa kikombe kimoja, kwangu, na mume wangu. Na nataka kuimbiwa. Ni vibaya kutaka vyote viwili?"

 Nilikiweka kikombe chini nikaenda kufungia kuku.

Nilikaa na jambo lile siku mbili tatu. Mwishowe nikamwendea mama, alikuwa uani anapepeta choroko. Nilitaka aniambie la kufanya. Nilidhani atalia, au atapiga kelele, au atakwenda kumwaga ile chupa. Nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, huku natazama ungo.

Ungo haukusimama. Choroko ziliendelea kupanda na kushuka.

"Mama, umenisikia?"

"Nimesikia." Akapuliza pumba. "Punguza sauti."

"Ulikuwa unajua."

"Pua ninayo."

"Tangu lini?"

"Wewe nawe! Tangu hiyo kakao ianze." Akaweka ungo chini hatimaye, akanifuta uso kwa pembe ya khanga, ingawa sikuwa nalia. "Nisikilize. Mimi ni mkwe. Nikisimama kanisani niseme anakunywa, ukoo wa baba yako utasema nimemchoka mzee wao, nataka azikwe kama mbwa. Nikisimama niseme hanywi, nimeapa uongo mbele za Mungu. Baba yako naye anajua, ndiyo maana ana kazi nyingi Maswa. Nani alibaki? Nani anaweza kusema hanywi, na asitende dhambi?"

"Mimi."

"Wewe. Hukujua. Ulikuwa msafi."

"Mama, mlinitafuta mimi kwa sababu sijui?"

"Tulikutafuta wewe kwa sababu unaaminiwa," akasema, akauchukua tena ungo. "Jumapili utasimama tu. Hata kusema husemi. Kusimama ni kazi?"

Wiki ile sikupika kakao. Niliwaambia maziwa yamepungua, na hakuna aliyebisha, ingawa maziwa tuliyaona wote yamejaa. Bibi alijichua magoti, kweli safari hii, maana niliyaona yanang'aa. Chupa nayo ikaendelea kupungua. Hakuniita mke mwenzake. Alisema "binti" kama anavyosema na watoto wa watu.

Jumapili tulikwenda pamoja. Bibi alivaa kitenge kipya ambacho baba alikileta, na kitambaa cheupe kichwani cha washirika wa Meza, alichokuwa amekifungia sandukuni tangu alipotengwa. Alikuwa mzuri. Lazima niseme hivyo. Alikaa benchi la mwisho kwa mara ya mwisho, hivyo alidhani, mgongo umenyooka, na mama akakaa pembeni yake. Mimi nilikaa mbele kidogo, upande wa wasichana.

Mahubiri sikuyasikia. Meza ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa, na upepo ulikuwa unaingia dirishani unainua pindo lake. Mchungaji akashuka kutoka mimbarini, akasoma jina la Bibi, lote, na la ubatizo. Bibi akainuka nikasikia benchi likilia. Akaja mpaka katikati, pale anaposubiri anayerudi. Angeweza kunigusa.

"Shahidi wake yuko wapi?" mchungaji akauliza.

Watu waligeuka kunitazama, wanatabasamu, kwa sababu walijua ni mimi yule bubu aliyeongea. Yule mzee mrefu akanipungia mkono kwa chini, inuka, inuka. Ni kweli, kusimama si kazi. Magoti yangu ni mazima. Nilitazama mikono yangu ikiwa juu ya sketi, na nilijua kwamba nikisimama sasa sitakuwa tena mtu asiyejua. Hilo walilisahau wote wawili, mama na Bibi. Mtoto wao msafi walikuwa wameshamtumia.

Sikusimama.

Mchungaji aliuliza mara ya pili. Mtoto mchanga akalia akanyamazishwa. Sikulia, sikusema, sikumshtaki mtu. Nilikaa tu. Mwishowe mchungaji akafunga daftari lake akasema kwa sauti ndogo, "Mama, rudi kwanza ukae. Tutaongea." Na Bibi akageuka. Nilisikia viatu vyake mpaka benchi la mwisho.

Kurudi nyumbani mama alitangulia mbali, karibu anakimbia, khanga imembana. Hakunisemesha na mpaka leo anaongea nami kwa mambo ya vyombo tu. Bibi hana mwendo, kwa hiyo nilibaki naye, kwa sababu mtu hawezi kumwacha mzee njiani. Tulitembea pembeni mwa barabara, upepo unatupiga vumbi.

"Umekaa," akasema hatimaye.

"Nimekaa, Bibi."

"Nitakufa wasiimbe."

"Unaweza kuacha. Bado kuna siku."

"Wewe unaongea kama mchungaji." Akatembea hatua kadhaa. "Kwa kikombe kimoja cha jioni. Mjukuu wangu."

"Si kikombe," nikasema, na sauti yangu ilikuwa kubwa, mpaka mpita njia mmoja akageuka. "Ungeniambia! Siku ya kwanza. Ungesema, natia gongo humu, usimwambie mtu. Nisingemwambia mtu. Ningekupikia, ningekufungia mlango. Nisingekubali kushuhudia, basi, hilo tu. Wangetafuta mtu mwingine."

Bibi alisimama. Alinitazama kama mtu anayesikia habari ya msiba wa mbali, anajaribu kukumbuka ni nani huyo aliyekufa.

"Ungenificha?" akauliza.

"Ningekuficha."

 Akavua kile kitambaa cheupe kichwani, akakikunja, akakikunja tena, akakishika mkononi. Kisha akaanza kutembea mbele yangu, polepole, na mimi nikamfuata nyuma mpaka nyumbani.